Nyaya za juu kwa treni ndogo yenye mahandaki: usinunue nguzo hata moja kabla hujapima mdomo wa handaki

Jamani hii mada nimeikalia muda mrefu, sasa wiki hii zimeingia meseji tatu za watu watatu wasiojuana na kilio ni kile kile, nikaona bora niandike yaishe. Kaka mmoja wa Mombasa anayeishi Rotterdam kanunua nguzo na nyaya za H0 (ule ukubwa wa treni ndogo za mezani wa 1 kwa 87), kakaa nazo Jumamosi nzima anafunga, treni ikazunguka vizuri tu mpaka ilipoingia handakini, ikatokea upande wa pili pantografu, ule mkono wa juu ya kichwa cha treni unaogusa waya, imelala ubavu kama mguu wa kuku. Dada mwingine yuko Muscat, yeye nyaya zimelegea na kichwa cha treni kinanasa palepale kwenye mdomo wa handaki. Wa tatu ni baba wa hapa hapa Ujerumani, kijana wake wa miaka 9 kalia siku mbili kwa ajili ya kichwa kimoja. Wote walinunua vitu vya bei, wote waliuliza dukani kabla ya kutoa hela, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa habari ya mdomo wa handaki.

Mimi yalinikuta kabla yao. Nilikuwa likizo nyumbani nikapanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, nikakaa dirishani, na tulipofika ile milima ya Kilosa treni ikaingia handakini nikajikuta naangalia juu badala ya kuangalia nje, nawaza huu umeme wa volti 25,000 humu ndani unapitaje, nguzo ziko wapi, waya umeshikwa na nini. Niliporudi Stuttgart sikulala. Nilikuwa tayari nina meza ya mita 2 kwa 1.2 yenye reli za H0, kona zake za R1 (zile kali), milima miwili na mahandaki mawili, na vichwa vyangu karibu vyote ni vya umeme vya Uswisi. Treni za umeme zinatembea bila waya juu, niliona aibu mwenyewe.

Nikaenda kwenye soko la mitumba la vitu vya treni. Muuzaji akanitolea boksi, akaniambia kwa mdomo wake kwamba ni seti kamili na vya handakini vimo. Euro 140 nikalipa taslimu. Nyumbani nafungua nakuta nguzo 22, nyaya za kutosha za nje, za handakini hakuna kitu, hata skrubu. Nikajisemea ndani nani anaona, nitakata waya pale mlangoni.

Sasa sikiliza kilichotokea maana ndiyo habari yote. Pantografu ya treni ndogo ina springi kama ya ukweli, na kinachoizuia isipande ni waya tu. Waya ukiisha, springi inaipandisha mpaka mwisho wa mikono yake. Kwa hiyo kichwa changu, Re 4/4 II nyekundu, kiliingia handakini vizuri, ndani pantografu ikasimama wima, na kule kwenye mlango wa kutokea ilikuwa imepanda juu kuliko mlango wenyewe. Nilisikia "tak" moja tu, mabehewa yakaendelea kusukuma kwa nyuma. Nilikuja kukiokota kile kijiti cha juu, kile kinachogusa waya, kwenye majani ya bandia chini ya ukuta, kimepinda katikati, mkono mmoja umeng'oka kwenye pini yake. Springi yenyewe, nyembamba kama unywele, sijaiona mpaka leo.

Kwa hiyo mwongozo huu haugusi rangi ya nguzo wala mambo ya zege na chuma, hayo yako kwenye kila katalogi na picha zake. Mimi nakuuliza swali moja: hizo nyaya unazotaka kununua zinafanya nini kwenye sentimita 20 za mwisho kabla ya handaki na sentimita 20 za kwanza ndani? Kama muuzaji hana jibu, rudisha pochi mkobani.

Kwanza pima, ndiyo ununue

Chukua rula, pima kutoka juu ya reli, siyo kutoka kwenye ubao. Huko nje Ujerumani waya wa kawaida unakaa mita 5.5 juu ya reli, gawanya kwa 87 unapata milimita 63. Kwenye njia za kasi wanaushusha hadi mita 5.3, ambayo kwetu ni kama milimita 61. Watu wa viwango vya treni ndogo Ulaya wana karatasi zao zinaitwa NEM, ile namba 201 inahusu waya unakaa wapi na namba 105 inahusu umbo la handaki, zipo bure mtandaoni, zisome kabla hujachonga mlima.

Milango mingi ya handaki inayouzwa imechongwa vizuri sana, mawe yanaonekana moja moja, ila inabidi uihakiki mwenyewe. Weka kichwa chako relini, nyanyua pantografu kwa kidole mpaka milimita 63, sukuma taratibu upite mlangoni. Kama kuna nafasi isiyopungua milimita 5 juu ya pantografu na pembeni zake, endelea. Kama hakuna, una mawili, kunyanyua mlango kwa kipande cha plaiwudi chini yake au kushusha waya kidogo kidogo kabla ya kufika. Na ukishusha, anza mbali. Mimi nashusha milimita 1 kila nguzo, siyo milimita 5 kwa nguzo moja, pantografu ikikutana na mteremko wa ghafla kichwa kinatikisika, unaiona kabisa.

Kitu cha pili ni kona, na hapa ndipo wenye mahandaki tunaumia zaidi maana watu wengi wanaficha kona zao kali ndani ya mlima. Waya haupindi, unanyooka kutoka nguzo hadi nguzo, na reli chini yake inapinda. Kwenye kona ya R1, nusu kipenyo milimita 360, ukiweka nguzo kila sentimita 18 reli inaachana na mstari wa waya kwa milimita 11 hivi. Ukiugawa huo mwachano nusu kwa nusu, waya unatembea milimita 5 na nusu upande huu na 5 na nusu upande ule. Hapo sawa. Sasa ukiwa bahili ukaweka nguzo kila sentimita 36, mwachano hauwi mara mbili, unakuwa zaidi ya mara nne, milimita 48 hivi. Hakuna pantografu duniani ya kustahimili hiyo.

Na pantografu zenyewe haziko sawa. Ya Kijerumani ina upana wa milimita 1,950 kwenye treni halisi, kwa H0 ni kama milimita 22. Ya Uswisi ni 1,450 tu, kwetu haifiki 17, maana wale walijenga mahandaki yao membamba. Kwa hiyo mwenye vichwa vya Uswisi kama mimi ana milimita 8 tu kila upande kutoka katikati, ukitoa zile 5 na nusu za kona umebaki na mbili na ushee. Nimeshaona mtu anauziwa nyaya na kuambiwa "zinafaa vichwa vyote". Siyo kweli, na anayeuza anajua.

Humo ndani uweke nini

Watu wana njia tatu. Wengine wanaifunga pantografu kwa uzi mwembamba ili isipande kufika kwenye waya, inabaki milimita 1 chini. Haivunjiki, ni kweli, na kwa nyaya za mapambo tu ndiyo njia pekee. Ila mimi nataka kuona pantografu inagusa waya, inapanda na kushuka nao, la sivyo sioni kwa nini nifunge waya.

Wengine wanaingiza waya sentimita 15 ndani ya mlango, wanaupinda juu taratibu kama ubao wa bembea, halafu unaishia. Pantografu inapanda nao mpaka inasimama yenyewe, na kule kwenye kutokea kuna mpindo mwingine wa kuishusha. Inafanya kazi kwa masharti mawili. Ule mwisho uliopinda lazima uwe juu kuliko pantografu inavyoweza kupanda, siyo sawa nayo, juu yake. Na ukiweza usiweke waya mmoja, weka kibati chembamba chenye upana wa milimita 25 mpaka 30, maana waya mmoja pantografu ikiyumba kidogo inaingia juu ya waya, na ikishaingia juu inaung'oa wote mpaka nguzo ya tatu. Yule baba wa kijana wa miaka 9, hiki ndicho kilichomkuta, nimeona picha, nguzo tatu zimelala.

Njia yangu ni ya tatu, kupitisha kitu handaki zima, na hicho kitu kisiwe waya. Nunua kipande cha brasi, ile ya njano, umbo la herufi L la milimita 2 kwa 2 linatosha, maduka ya vifaa vya modeli yanauza kwa mita. Brasi unaipinda ifuate kona yenyewe, kwa hiyo yale mahesabu yote ya milimita 5 na nusu yanakufa humo ndani, inakaa katikati ya reli kila mahali. Na usifikiri ni ujanja wa mafundi wa mezani tu, treni za kweli zinafanya hivyo. Lile handaki la treni linalopita chini ya Berlin hadi kituo kikuu, lililofunguliwa 2006, halina waya wa kuning'inia, lina reli ya umeme iliyofungwa darini. Uso wa chini wa brasi yako, ule unaosuguliwa na pantografu, uupige msasa laini sana, kisha upitishe kidole. Kama kidole kinahisi kitu, pantografu itahisi zaidi.

Sasa pale waya wa nje unapokutana na brasi ya ndani, usiviunganishe ncha kwa ncha. Vipitishe sambamba, bega kwa bega, sentimita 4 au 5, vimeachana milimita 3 hivi, vyote kimo kimoja. Pantografu inakuwa inagusa vyote viwili kabla haijaacha kimoja. Nilikaa na hicho kiungo jioni mbili nzima, taa ya simu mkononi, jicho usawa wa reli, nasukuma kichwa kwa kidole mbele na nyuma mpaka nilipoona kile kijiti cha juu kinapita bila kuinama hata kidogo. Tangu siku ile sijavunja pantografu nyingine.

Kitu cha mwisho cha ndani, na hiki sijakiona kwenye maelezo ya boksi lolote. Usiitundike brasi kwenye dari la mlima. Isimamishe kwenye vijiti vya mbao vilivyogundishwa kwenye ubao wa chini, kila sentimita 25 hadi 30. Mlima inabidi ufunguke, maana iko siku behewa litaanguka humo ndani, lazima, na ukiunyanyua mlima wenye waya umening'inia darini umeondoka na kila kitu.

Sasa nani wa kwanza

Wa kwanza kwangu ni kampuni ya Sommerfeldt, na sifichi kwamba nawapenda. Wako Hattenhofen, kijiji cha karibu na Göppingen, si mbali na ninapokaa, lakini hata wangekuwa mbali ningesema hivi hivi. Sababu ya kwanza, hawakulazimishi kununua waya uliokatwa tayari kwa urefu wao, wanauza waya tupu pia, wa chuma uliopakwa shaba, unakata mwenyewe, unapinda mwenyewe, unalehemu mwenyewe. Kwa mtu mwenye mahandaki huo ndio uhuru wenyewe, kwa sababu hakuna kiwanda kinachojua mlango wa handaki lako uko sentimita ngapi kutoka kwenye nguzo yako ya mwisho. Sababu ya pili, wana nguzo za nchi nyingi, za Ujerumani, Uswisi, Austria, Ufaransa, Uholanzi, siyo nguzo moja iliyobadilishwa rangi. Sababu ya tatu, wanatengeneza pantografu zenyewe, na ninaamini mtu anayetengeneza pantografu anaujua waya kwa namna ambayo wengine hawaujui. Ile Re 4/4 yangu imevaa pantografu yao sasa hivi.

Chuma chenye shaba juu kina maana yake. Dada wa Muscat alipenda waya wa kopa tupu, yaani shaba isiyo na chuma ndani, ule unaotolewa kwenye nyaya za umeme za nyumba, kwa sababu ni laini kunyoosha. Ndiyo tatizo lenyewe, laini kunyoosha ni laini kulegea. Kopa inarefuka kwa joto kuliko chuma, na huko kwake AC ikizimwa mchana chumba cha juu kinakuwa tanuri. Watu hawajui kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu, waya ukirefuka sehemu ya kumi ya milimita kati ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 36, pale katikati unashuka karibu milimita 4. Milimita 4 karibu na mdomo wa handaki ni pantografu imekwisha. Chukua chuma chenye shaba, na mwisho mmoja wa kila mstari mrefu ufunge kwa springi ndogo, kazi ile ile ambayo treni za kweli zinafanya kwa vile vyuma vizito vinavyoning'inia kwenye nguzo.

Ugumu wa Sommerfeldt ni kulehemu. Lazima ujifunze, hakuna njia ya mkato. Chuma cha moto cha wati 60 hivi, dawa ya kulehemu kidogo, na kibanio cha chuma kimoja kila upande wa pale unapolehemu ili joto lisikimbilie kiungo ulichomaliza kikafunguka. Nilichoma vidole wiki ya kwanza, wiki ya tatu nilikuwa nafunga nguzo kumi kwa jioni moja.

Wa pili Viessmann. Hawa ni wa kuchomeka, hakuna kulehemu, na kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga yenye kengele za moshi darini hilo ni jambo kubwa. Nje ya handaki sina neno, zinanyooka, zinapendeza, na kwa wenye N, ule ukubwa mdogo kuliko H0, pia wana zao. Tatizo langu nao ndilo lile lile, mfumo wa kuchomeka unataka vipimo vyake na mlango wa handaki hauna habari na vipimo vya mtu. Ukiwachagua, panga nguzo ukianzia mlangoni kurudi nje. Yaani nguzo ya kwanza unayofunga ni ile ya karibu na mdomo wa handaki, na mahali penye urefu wa ajabu pabaki huko kwenye stesheni ambako una nafasi ya kucheza. Watu wote wanaanzia stesheni kwa sababu ndiko kunakoonekana, wanafika handakini wamebakiwa na sentimita 11 ambazo hakuna waya wake.

Wa tatu Märklin, wa Göppingen tangu 1859. Kama una reli zao za aina ya C na kona za R1, na hasa kama anayecheza ni mtoto, wapandishe uwaweke wa kwanza na mimi sitabishana. Nguzo zinashika kwenye reli yenyewe kwa hiyo mahesabu ya kona wameshakufanyia, duara la R1 lina vipande 12 vya reli, unaweka nguzo kwenye kila kiungo, basi. Nyaya zao za zamani zile za bati lililokatwa ni nene, kwa macho yangu nene mno, lakini hazipindi mtoto akiziegemea na mitumba yake imejaa kila mahali. Ninachowapunguzia ni kwamba ukishatoka kwenye jiometri yao, ukatumia reli za kupinda kwa mkono kwa mfano, ile raha yote inakwisha. Na handakini bado nakushauri brasi.

Vya bei rahisi, zile nguzo za plastiki zenye uzi wa kuvutika, ni mapambo. Uzi ukiguswa na pantografu unanasa. Ifunge pantografu chini au usinunue. Na za Kijapani za Kato na Tomix kwa N ni nguzo nzuri ila haziji na waya kabisa, kwa hiyo hazipo kwenye mashindano haya.

Umeme upitishe huko juu?

Hapana. Zamani ilikuwa na maana, ulitaka treni mbili kwenye reli moja kila moja na spidi yake, basi moja inakula umeme wa chini nyingine wa juu. Sasa kuna dijitali, kila kichwa kina dikoda yake, yaani kifaa kidogo ndani kinachopokea amri zake peke yake, haja hiyo imekufa. Na kwenye reli mbili za kawaida ukigeuza kichwa kikaangalia upande mwingine unaweza kupata shoti pale pale. Vichwa vingi vipya pantografu hata hazijaunganishwa na motor. Acha waya wako umekufa, ulale usingizi.

Hawa wauzaji sasa

Kuna kitu kimenikera na sitaki kukimeza. Nyaya zinauzwa kwa pakiti na nguzo zinauzwa kwa pakiti na karibu kila kampuni namba za pakiti hazikutani, unahitaji nyaya sita zinakuja tano, unanunua pakiti ya pili unabaki na nne sandukuni. Nimezihesabu, nina nyaya 17 ambazo sitazitumia maisha yangu yote. Halafu hilo neno "seti ya kuanzia". Seti ya kuanzia karibu zote nilizoziona ni za mviringo ulio wazi, kwenye meza tambarare, bila mlima wala kilima. Ni nani mwenye nyaya za umeme asiyetaka handaki? Treni za umeme na mahandaki ni ndugu. Njia ya Gotthard ya Uswisi, ile ya zamani, ina handaki la kilomita 15 tangu 1882, na treni za umeme zilianza kulipita 1920, waulize watu walikuwa wanavuta nini humo ndani miaka yote kabla, moshi wa makaa tu. Uswisi nzima ya milimani ni waya na handaki, waya na handaki. Sasa unaniuziaje nyaya za kichwa cha Uswisi bila kifaa hata kimoja cha handakini halafu unaandika "kamili" kwenye boksi?

Na kuna hili la sisi kina mama. Nimeingia duka moja, silitaji, nimesimama mbele ya kabati la nyaya, kijana ananiuliza kwa upole kabisa mume wangu ana reli za aina gani. Nikamwambia reli ni zangu, kona ni R1, vichwa ni vya Uswisi, pantografu ni ya 1,450, nataka kujua waya wako ukikutana na mlango wa handaki unaufanyaje. Akaenda kumwita bosi. Bosi akaja akaniuzia vizuri na kwa heshima, ila jibu la mlango hakuwa nalo. Hela yangu ni sawa na ya mwanaume, na mwanaume naye angeuziwa kitu kile kile kisicho na jibu, kwa hiyo sijui nikasirike kwa lipi kwanza.

Kwa walio nyumbani wanaoagiza kutoka huku, msitumiwe nyaya ndefu kwa posta. Zinafika zimepinda na waya wa chuma ukishapinda kona haunyooki tena ukawa kama mwanzo. Mwambie mtu anayekuja aziweke kwenye bomba la plastiki la mabomba ya maji, lile jembamba la nusu inchi, azibe pande mbili kwa gundi ya karatasi, aliweke kwenye begi la kupakia. Nimesafirisha hivyo mpaka Dar mara mbili, zote zilifika zimenyooka.

Dada wa Muscat, nimeangalia picha zako vizuri. Usitupe nguzo, nguzo zako ni nzima. Toa waya wote wa kopa, agiza waya wa chuma wenye shaba mita 8, na brasi ya L mita 3 kwa ajili ya yale mahandaki mawili, na springi nne. Ule mlango wa kushoto naona umekaa chini, kama rula iliyoko kwenye picha haidanganyi una milimita 61 tu, unyanyue kwa plaiwudi isiyopungua milimita 7 kabla hujafunga chochote. Ukishaunyanyua pitisha kichwa kwa kidole, kwa mwendo wa konokono, halafu nitumie video ya pale pantografu inapoingia, upige kutoka ndani ya handaki ukiangalia nje, ndiyo nitaona kama waya na brasi viko kimo kimoja.